Kupanga sehemu za wazi za boti ya kukodisha kwenye Ziwa Kivu: mwongozo kamili kutoka Bukavu

Familia inayokodi boti siku ya Jumapili kutoka Bukavu kwenda kisiwa cha Idjwi haikodi vyumba. Inakodi hewa. Asubuhi wataingiza mikoba na watoto wenye usingizi ndani, na baada ya hapo mpaka jioni hutamwona mtu mzima akishuka huko ila kwenda kubadili nguo. Wanaochora yoti za kifahari za Mediterania wamelijua hilo zamani, ndiyo maana hutumia akili nyingi kwa sehemu za nje: meza ya chakula nyuma, magodoro ya kuota jua mbele, paa lenye viti juu, na jukwaa la kuogelea chini kabisa karibu na maji. Sisi tukiwaiga, mara nyingi tunaiga picha tu. Tunanunua viti vyeupe, tunavipanga vizuri, halafu kufika saa tano watu wote wamebanana upande mmoja wakikimbia jua, na kapiteni anapaza sauti watawanyike.

Nimepanga na kupangua boti kadhaa hapa Bukavu, na ninachoandika kinamhusu mwenye boti pamoja na seremala wake na mchomeleaji wake. Mfano wangu ni boti ya mita 15 kwa urefu na mita 4 kwa upana, yenye abiria 12 na wafanyakazi 3. Hiyo 12 ina asili yake: sheria za kimataifa za usalama baharini huhesabu chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, yenye masharti mazito zaidi. Ndiyo sababu hata yoti ya mita 40 unayoiona pichani mara nyingi ina nafasi ya wageni 12 tu. Kwa boti ya ukubwa wetu ni idadi ya haki. Watu 12 wanaenea meza moja, wanaenea kivuli kimoja, na mhudumu anakumbuka nani hali samaki.

Hatua ya 1: Lijue jua lako

Kabla ya kupima ubao wowote, chukua kiti kimoja na saa, ukae kwenye boti safari nzima, kwenda na kurudi. Andika kila nusu saa jua linapiga wapi.

Utagundua jambo ambalo mafundi wengi hawajalifikiria. Bukavu iko ncha ya kusini ya ziwa. Safari zetu karibu zote, iwe Ishungu, Idjwi au Goma, zinaelekea kaskazini asubuhi na kurudi kusini alasiri. Asubuhi jua liko mashariki, yaani mkono wa kulia wa anayekwenda kaskazini. Alasiri limehamia magharibi juu ya milima ya Kahuzi, na sisi tumegeuka: magharibi sasa ni mkono wa kulia tena. Boti ya Bukavu inaungua upande wa kulia kutwa nzima. Boti ya Goma, inayoshuka kusini asubuhi na kupanda jioni, inaungua upande wa kushoto.

Yote yanayofuata yanategemea hilo. Upande wa kulia weka pazia la kushusha, taulo za kukausha, godoro la anayetaka jua kwa hiari yake. Upande wa kushoto weka meza, wazee, akina mama wenye watoto wachanga, na sanduku la vinywaji. Mwenye boti wa Goma ageuze kila nilichosema.

Saa sita mchana ni habari nyingine. Tuko karibu nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linasimama karibu na utosi, na pazia la pembeni halisaidii. Hapo paa ndilo linalofanya kazi. Tena ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale inayounguza ngozi huongezeka kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Upepo wa ziwa unapoza, mgeni hasikii joto, na jioni mabega yake yamebabuka. Mwambie mapema.

Hatua ya 2: Chora kwa chaki, ukubwa wa kweli

Usichore kwenye karatasi kwanza. Chora ubaoni, pale pale kwenye staha, yaani sakafu ya wazi ya boti, kwa chaki ya shule. Kiti cha mtu mzima kinataka sentimita 60 za upana. Nyuma ya kiti acha 60 nyingine ili aliyekaa aweze kuinuka bila kumsumbua jirani. Njia kuu, ile inayotoka jikoni kwenda mezani, ipe sentimita 90. Kisha waite akina mama wawili waliovaa vitenge, kila mmoja ashike sinia ya bugali yenye mvuke, na uwaambie wapishane kwenye mistari yako. Wakigusana viwiko, futa uchore upya. Nimeona boti nzuri ambamo kila sahani ilipitishwa juu ya vichwa vya wageni, na supu ikamwagikia mabega.

Ukimaliza kuchora, kalia kile kiti chako kimoja kila mahali ulipochora kiti, uangalie unaona nini. Mtu aliyekaa macho yake yako chini kuliko unavyodhani, na reli nene ikipita katika usawa huo, umemuuzia ziwa lenye mstari wa chuma katikati.

Hatua ya 3: Uzito, na hasa uzito wa juu

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Sote tuliomo katika kazi hii tunaibeba siku hiyo. Boti ya matembezi ya watu 12 inaweza kuonekana kuwa mbali na balaa kama lile, lakini sheria ya maji ni moja: kadiri uzito unavyopanda juu, na kadiri unavyokimbilia upande mmoja, ndivyo boti inavyopoteza nguvu ya kujirudisha.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa tanki. Mwenye boti alitaka bomba la kuogea juu ya paa kama alivyoona kwenye yoti, nami nikafunga tanki la lita 500, pamoja na mabenchi mawili ya mbao za muvula. Gatini boti ilitulia kabisa. Tulipotoka, wimbi dogo la kwanza likailaza upande, na haikurudi kwa haraka. Ilikaa pale ikiwaza, kisha ikarudi taratibu, ikalala upande wa pili. Tanki lilikuwa nusu, na maji ndani yake yalikuwa yakikimbilia kila upande ambao boti ilikuwa ikiinamia. Robo tani ya maji yanayocheza, mita mbili na nusu juu ya staha. Tulirudi siku ile ile na kulishusha tanki hadi chini, tukafunga pampu ndogo ya kupandisha maji. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tangu siku hiyo kila kitu kizito nakirudisha ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti: tanki, betri, soda, barafu.

Sasa hesabu paa lako. Usihesabu viti. Hesabu nafasi. Wanaopima uthabiti wa meli za abiria huchukulia kwamba watu wakisongamana wanafika 4 kwa kila mita moja ya mraba, kila mtu kilo 75. Paa la mita 3 kwa 4 lina mita za mraba 12: hao ni watu 48, kilo 3,600. Utasema mimi nina abiria 12 tu. Ni kweli, mpaka siku ya harusi, bwana na bibi harusi wapande juu kupigwa picha, na ndugu waliokuja kusindikiza warukie boti nayo ikiwa bado gatini. Kwa hiyo fanya paa liwe dogo, na ngazi ya kulifikia iwe moja, nyembamba, yenye mlango mdogo unaofungwa na mhudumu. Kwa boti ya mita 4 kwa upana, mimi siruhusu zaidi ya watu 6 juu, na napendelea 4.

Kisha fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni cha timazi. Ning'iniza uzi wa mita 1 kutoka darini, na jiwe mwishoni likining'inia ndani ya ndoo ya maji ili lisichezecheze. Legeza kamba za gati. Andaa mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na watu wako wote, kilo 75 kwa kila mmoja, ukiweka juu ya paa ile idadi utakayoruhusu. Isogeze kidogo kidogo hadi upande mmoja, ukitazama uzi. Ukisogea sentimita 12, boti imeinama nyuzi 7. Kwa boti ya mita 4, ukingo wake umeshuka sentimita 25 hivi. Huo ndio mpaka wangu. Mifuko ikiwa bado haijaisha na uzi umefika hapo, acha, punguza watu au shusha uzito. Usitumie watu halisi kwa jaribio hili.

Cha pili ni cha saa. Maji yakiwa matulivu, itikise boti, kisha uhesabu muda wa kuyumba mara moja kamili, kulia, kushoto na kurudi. Pima mara kumi ugawanye. Kwa upana wa mita 4, sekunde 3 ni boti inayojirudisha kwa nguvu, sekunde 4 inastahimilika, sekunde 5 kwenda juu inaniambia juu ni pazito mno. Pima kabla ya kufunga paa na baada ya kulifunga; tofauti ya namba hizo ndiyo habari unayoitafuta. Vipimo hivi ni vya kujilinganisha, haviondoi haja ya mkaguzi anayejua vyombo vya majini.

Hatua ya 4: Paa na bashi

Mvua yetu inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaleta pepo za kusini zinazochafua ziwa. Paa linatakiwa livumilie vyote viwili. Bashi, yaani turubai, la plastiki la sokoni ni rahisi kwa bei, lakini upepo ukiingia chini yake linakuwa tanga, na hukuomba tanga. Mimi hupenda paa gumu na jepesi la faiba juu ya mabomba ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, likitokeza nusu mita nje ya reli upande wa kulia, na mapazia ya plastiki angavu ya kukunja juu kwa mikanda. Kingo za paa ziwe na mfereji mdogo unaopeleka maji nyuma; bila hivyo mvua ikikatika, tone moja linaendelea kumpiga mgeni shingoni kwa saa nzima.

Usifunge mapazia ya pande tatu kwa pamoja moteri ikiwaka. Sababu inafuata.

Hatua ya 5: Moshi, jukwaa la kuogelea na mazuku

Boti ikisonga mbele, hewa inayopita pembeni huacha uwazi nyuma, na uwazi huo unavuta moshi wa moteri urudi ndani, pale pale ulipoweka meza ya chakula. Ukifunga pande tatu na kuacha nyuma wazi, umetengeneza bomba la kunyonya moshi. Fungua kitu mbele ili hewa ipite moja kwa moja.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye jukwaa la kuogelea. Moteri na jenereta hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hujikusanya chini ya jukwaa na karibu na uso wa maji, mahali ambapo kichwa cha mtoto anayeogelea kipo. Vifo vya namna hii vimetokea kwenye maziwa ya nchi tajiri, kwenye boti mpya kabisa. Sheria iwe moja: hakuna anayegusa maji mpaka moteri na jenereta vimezimwa, na ufunguo uko mfukoni mwa kapiteni. Muziki utatumia betri.

Jukwaa lenyewe lisiwe juu ya maji zaidi ya sentimita 30, na ngazi yake ishuke vidaraja vitatu ndani ya maji. Mtu aliyechoka hawezi kujivuta kwa mikono. Weka kishikio cha wima upande wa kushoto wa ngazi na kingine upande wa kulia.

Kuhusu kutia nanga: kando ya Kivu hushuka ghafla kama ukuta, na ziwa lina kina cha karibu mita 480 pale panapozama zaidi. Mara nyingi nanga haipati pa kushika, kwa hiyo funga kamba kwenye mti au jiwe la pwani, na panga staha ya nyuma ukijua kwamba kamba itapita hapo. Wanaokwenda kaskazini wasisahau mazuku. Ni kaboni dayoksidi, nzito kuliko hewa, inayolala kwenye mabonde na mashimo upande wa Goma na Sake, mbaya zaidi alfajiri pasipo upepo. Katika ghuba ya Kabuno gesi hiyo imekaa karibu zaidi na uso wa maji kuliko kwingineko ziwani. Mahali wenyeji wanapokuambia mbuzi hufa asubuhi, usilaze wageni wala usiwashushe kupumzika bondeni.

Hatua ya 6: Reli na sakafu

Reli iwe na urefu wa mita 1, kama meli kubwa. Meli hizo zinaruhusiwa kuacha uwazi wa sentimita 23 chini na 38 kati ya vyuma vya juu, lakini sisi tunabeba watoto: funga wavu, uwazi usizidi sentimita 10. Iegemee kwa nguvu zako zote kabla ya kumlipa mchomeleaji.

Yoti za kifahari huweka mti wa msaji. Sisi tuna muvula, unaovumilia maji vizuri, na hatuna sababu ya kuagiza mbali. Ila usiupake vanishi inayong'aa. Ikilowa ni sabuni. Uache mkavu, uusugue kwa maji na brashi. Kwenye paa, ambako uzito ni adui, tumia tripleksi ya majini iliyofunikwa kwa faiba na rangi nyeupe ya maziwa iliyochanganywa na mchanga mwembamba. Rangi nyeusi au kahawia iliyokolea huunguza nyayo, na kwenye boti wageni hukaa miguu mitupu. Vua viatu saa saba mchana ukanyage kila pembe. Maji nayo yapate pa kutokea: mashimo mawili kila upande, makubwa ya kupitisha ngumi, yasizibwe na magodoro.

Hatua ya 7: Viti, meza, moto

Viti vinavyohamishika vinapendeza pichani. Ziwani vinateleza. Jenga mabenchi yaliyofungwa, yenye sanduku chini, na humo weka majile, yaani makoti ya kuokolea maisha, ya wote 15 pamoja na ya watoto. Majile yanayofungiwa chumbani hayamsaidii mtu. Meza iwe na ukingo wa sentimita 2 ili glasi zisianguke, na miguu yake ifungwe sakafuni.

Chakula ni nusu ya safari. Mgeni wa Bukavu anataka sambaza, samaki wadogo walioletwa humu kutoka Tanganyika mwaka 1959 na leo wanalisha pande zote za ziwa. Wakaangwe pale pale, waliwe wakiwa bado wanalia mafutani. Lakini mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, kwenye boti inanitia hofu. Ikilazimika, iweke nyuma, upande ambako upepo unatokea kwenda nje ya boti, ndani ya sinia ya chuma yenye mchanga wa sentimita 5, ifungwe kwa minyororo, na iwe mbali kabisa na esansi, yaani petroli. Karai la mafuta lijae theluthi tu. Ndoo ya mchanga na kizimamoto viwe hatua mbili kutoka hapo, kwenye njia ya kutorokea na si nyuma ya moto. Ziwa likichafuka, moto unazimwa, na watu wanakula ndizi na karanga.

Hatua ya 8: Usiku

Kama safari yako inaingia giza, na imeruhusiwa, taa za mapambo zinaweza kukupofusha. Funga taa ndogo za manjano chini ya mabenchi, zikiangaza sakafu tu, na moja kwenye kila daraja la ngazi. Usiweke taa yoyote mbele ya kapiteni, wala taa nyekundu au ya kijani kama pambo: nyekundu ni ya kushoto, kijani ni ya kulia, na nyeupe ni ya nyuma, ili wengine wajue unaelekea wapi.

Wengine hao ni wavuvi. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma, nyavu zikining'inia katikati, na taa zinazowaita sambaza. Miti hiyo huioni hadi umeifikia. Punguza mwendo mapema, pitia mbali, na wimbi lako lisiwamwagie samaki.

Ukiwapita, zima moteri na taa za staha kwa dakika kumi, ukiacha zile za usalama, na uwaambie wageni wanyamaze. Watawasikia wavuvi wakiimba kwa kupokezana, makasia yakifuata wimbo. Na kama mko kaskazini ya Idjwi na mawingu yamefunguka, juu ya Goma huenda wakaona wekundu wa volkeno ya Nyiragongo. Mabenchi ya mbele yapange yakielekea huko.

Hatua ya 9: Siku ya jaribio

Kabla ya kumpokea mteja wa kwanza, chukua familia yako na za mafundi, watu 12, wala usizidishe. Fanyeni safari kamili: mle, mwoge, mnyeshewe kama mvua itakuja. Wewe usikae. Zunguka na chaki mfukoni, na kila mtu anapojikwaa, anapohama mahali pake kukwepa jua au anapouliza pa kuweka glasi, chora msalaba mahali hapo. Kesho yake asubuhi fundi aanzie kwenye misalaba.